Themostati Iliyowekwa Kinyume

Siku mliyoniaga gerejini mlinipa kipaza sauti, nikasema asante, nikaketi. Keki ilikuwa na jina langu, ila aliyeliandika alikosea herufi moja, kwa hiyo nilikata keki ya mtu mwingine. Tulipokuwa tukikusanya viti mmoja wenu aliniambia, "Lakini Mama, miaka yote hiyo na hukutuachia hata neno." Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa hotuba. Hiyo ni kweli, lakini kuandika naweza, na siku hizi nina wakati kuliko kazi.

Sitaandika jinsi nilivyokuja kuwa msimamizi. Hakuna funzo ndani yake, isipokuwa kwamba mtu akikaa mahali pamoja muda mrefu, wengine huchoka kumpita. Nataka kuandika juu ya kipande kidogo cha chuma kinachoenea kwenye kiganja, na juu ya Mzee Karanja aliyenifundisha kazi yake. Wengi wenu mlifika baada yake. Mnalijua jina lake kwa sababu ya meza yake ya kazi, ile ambayo hakuna aliyekubali iondolewe, na labda mmesikia maneno nusunusu kuhusu alivyoondoka. Nitawaambia yote.

Nilikuja Nairobi kutoka Bungoma nikiwa na cheti cha ufundi wa magari. Niliishi kwa shangazi yangu Kawangware, na kila asubuhi nilitembea gereji moja baada ya nyingine, kuanzia Kirinyaga Road hadi Industrial Area. Kote huko nikisimama langoni waliniuliza kama nimeleta chapati. Hawakuwa na ubaya. Mwanamke aliyesimama mlango wa gereji saa nne asubuhi hakuwa na sababu nyingine wanayoijua.

Gereji ya Bwana Odera ilikuwa nyuma ya Ngong Road, upande wa Woodley, katika ua wa mabati ambao mnaufahamu. Bwana Odera alisoma cheti changu, akakigeuza, akasoma na mgongo wake ambao haukuwa na kitu. Kisha akawauliza mafundi ni nani atanichukua. Wote waliangalia viatu vyao. Wakati huo mkono ulitokea chini ya pikapu moja, na sauti ikasema, "Leta namba kumi na mbili." Hakuna aliyesogea. Nilikuwa karibu na sinia la spana, nikachukua namba kumi na mbili, nikaiweka kwenye ule mkono. Halafu ile sauti ikasema, "Odera, huyu ni wangu."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kabla hata sijauona uso wa aliyenitaka. Ovaroli ya saizi yangu haikuwepo. Nilipewa ya fundi mmoja mnene aliyekuwa amehama, nikajifunga kiunoni kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaanza kuosha vyuma kwa mafuta ya taa.

Mzee Karanja alikuwa mtu wa Kinoo. Alizaliwa huko, akajenga huko, na kila asubuhi alishuka kwa pikapu yake mwenyewe, nyeupe iliyokuwa imeanza kuwa ya manjano. Hakuwa mzee wakati huo, lakini tayari walimwita Mzee, kwa sababu alizungumza polepole na hakucheka utani kabla haujaisha. Alikuwa na ugomvi mmoja tu na mafundi wenzake, na ugomvi wenyewe ulikuwa themostati.

Mnajua desturi ya mji huu. Gari likichemka, fundi anafungua injini, anatoa themostati, anaitupa, anafunga. Anamwambia mwenye gari kwamba kile ni kitu cha nchi za baridi, hapa hakina kazi. Gari linaacha kuchemka kwa muda, mwenye gari anafurahi, na fundi anaonekana mganga. Pale gerejini palikuwa na debe zima la themostati zilizotolewa hivyo. Mzee Karanja alipopita karibu nalo aliligeuzia uso.

"Wanasema hapa hakuna baridi," aliniambia. "Hao hawajaamka Kinoo mwezi wa saba."

Alinifafanulia hivi, nami nimewafafanulia ninyi hivyo hivyo. Themostati ni vali. Inakaa pale mpira wa juu wa maji unapoungana na injini, chini ya kifuniko kidogo chenye bolti mbili. Katikati yake kuna kikopo cha nta. Injini ikiwa baridi, nta imeganda na mlango umefungwa, kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini peke yake mpaka yapate moto. Yakipata moto nta inayeyuka, inavimba, inausukuma mlango, na maji yanapita kwenda radieta kupozwa. Injini ikipoa, springi inaufunga mlango tena. Hakuna umeme wala kompyuta. Ukiitoa, maji yanakimbilia radieta wakati wote. Injini haifiki joto lake, inakunywa petroli kuliko inavyofanya kazi, na oili inageuka uji mzito. Gari halichemki, ni kweli, lakini linazeeka haraka, na hakuna anayejua sababu.

"Na kama themostati yenyewe imekwama imefungwa?" nilimuuliza.

"Basi weka mpya. Jino likiuma si unang'oa lile bovu? Hung'oi yote ukaanza kunywa uji."

Alizipima katika sufuria juu ya jiko. Alifunga themostati kwa waya, akaining'iniza majini isiguse chini, kisha tukasimama kuitazama. Maji yakikaribia kuchemka mlango ulianza kufunguka taratibu. Ile isiyofunguka ilitupwa. Sufuria hiyo aliipaka alama nyekundu ili isichanganywe na ya chai. Mgeni mmoja hakuelezwa maana ya alama hiyo, na siku hiyo tulikunywa chai yenye ladha ya radieta. Bwana Odera alisema ni nzuri, akaongeza kikombe.

Kubadilisha themostati kwenye pikapu ya zamani si kazi ngumu, ila inamtaka mtu asiye na haraka. Kwanza unaacha injini ipoe kabisa. Unapunguza maji ya radieta, unalegeza mpira wa juu, ndipo unafika kwenye zile bolti mbili. Hapo ndipo pana shida. Bolti za chuma zimekaa miaka ndani ya aluminiamu, na kutu imezishika kama mume mwenye wivu. Ukizilazimisha, zinakatika.

Yangu ilikatika mwezi ule wa kwanza, kwenye pikapu ya padri mmoja. Mlio wa bolti ikikatika ni mdogo, lakini kila fundi huusikia hata akiwa upande wa pili wa ua. Nyundo zote zilinyamaza. Nilibaki nimeshika spana yenye kichwa cha bolti ndani yake, na niliona wazi safari yangu ya kurudi Bungoma. Mzee Karanja alikuja, akainama, akaangalia.

"Sawa," akasema. "Leo utajifunza kitu cha zaidi."

Alasiri yote tulikuwa hapo, yeye ameshika taa, mimi nimeshika drili, tukitoboa kile kisiki cha bolti kidogo kidogo bila kuumiza kuta zake. Hakuninyang'anya drili hata mara moja. Bwana Odera alipokuja kuuliza ni nani aliyekata bolti ya padri, Mzee Karanja alisema bila kuinua kichwa, "Imekatika kwa mkono wangu." Sikusahau neno hilo. Nadhani mengi niliyofanya baadaye yalitokana na siku hiyo.

Baada ya bolti kazi iliyobaki ni usafi. Unakwangua gasketi ya zamani, ile karatasi inayozuia maji kuvuja, mpaka chuma kibaki laini, unaketisha themostati mpya kwenye shimo lake, na hapo kuna jambo moja la kuangalia kuliko yote. Upande wa springi, wenye kile kikopo cha nta, lazima uelekee ndani, kwenye injini, ndipo nta isikie joto la maji. Ukiigeuza, springi ikatazama radieta, nta inakaa upande wa maji baridi huku injini ikiungua. Mlango unachelewa kufunguka, au haufunguki kabisa. Kisha unaweka gasketi mpya, unakaza bolti kwa zamu, unajaza maji polepole ili hewa itoke, na unawasha injini radieta ikiwa wazi.

Halafu unasubiri. Mzee Karanja alinifanya niweke mkono kwenye mpira wa juu. Ulikuwa baridi, ukaendelea kuwa baridi, nikadhani tumekosea. "Tulia," alisema. Kisha ghafla joto likapita chini ya vidole vyangu, na nikajua mlango umefunguka huko ndani. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi sana tangu hapo, na mpaka naondoka bado nilikuwa nafurahia dakika hiyo.

Miaka ilipita. Bwana Odera alinunua mashine za kusoma kompyuta za magari na akafungua tawi la pili Karen, ambako wateja hukaa kwenye makochi wakinywa kahawa. Mimi nilijifunza mashine hizo, Mzee Karanja hakutaka. Alibaki na magari ya zamani, na wenye pikapu za zamani walimfuata yeye. Hao walikuwa watu wa maziwa, watu wa mchanga, watu wa nyasi za ng'ombe. Mmoja wao alikuwa Mama Shiru, aliyeuza miche ya maua na matunda kando ya barabara huko Karen. Pikapu yake ndiyo iliyokuwa duka lake, gari lake na karibu nyumba yake. Alipokuja hakuuliza gereji iko wazi au la. Aliuliza, "Karanja yuko?"

Sijui hasa ilianza lini. Nakumbuka alianza kuita spana "hiyo kitu." Alisimulia jambo moja mara mbili katika chai moja. Aliacha kifuniko cha radieta juu ya betri, akakitafuta ua mzima, sote tukacheka, naye akacheka nasi. Siku moja aliniita Njeri, jina la dada yake aliyefariki wakiwa watoto. Nilisema moyoni kwamba amechoka, kwamba anahitaji likizo, kwamba macho yanamsumbua. Mtu akimpenda mwenzake hakosi sababu.

Kisha Mama Shiru akarudi. Siku ya pili tu baada ya Mzee Karanja kumwekea themostati mpya, pikapu yake ilichemka karibu na Dagoretti Corner, akaja akiiendesha pole pole na moshi ukitoka puani mwa gari. Mzee Karanja alikuwa amekwenda kula. Nilisubiri injini ipoe, nikafungua zile bolti mbili, nikainua kifuniko.

Springi ilikuwa inanitazama.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kifuniko. Kama ingekuwa kazi ya fundi mwingine yeyote, ningeita watu waje waone, tungemtania wiki nzima. Lakini yeye ndiye aliyefundisha nusu ya mji huu kuangalia springi. Hakuna uchovu unaoweza kumfanya aigeuze, kama vile uchovu hauwezi kumfanya mtu avae suruali kichwani. Nilijua pale pale kwamba mwalimu wangu anaumwa, na kwamba ugonjwa wenyewe si wa macho.

Niliigeuza ikakaa sawa. Mama Shiru aliponiuliza nilimwambia, "Ilikuwa hewa tu, imekwama ndani."

"Karanja hakuitoa?"

"Hii gari yako ni mzee, Mama. Hewa inarudi."

Tangu siku hiyo nilikula chakula cha mchana nikiwa nimesimama, au sikukila kabisa. Mzee Karanja alipokwenda kibandani kwa Mama wa githeri, mimi nilipita kwenye magari aliyoshika asubuhi. Mara nyingi kazi ilikuwa safi kabisa, safi kuliko yangu, mpaka nikaona aibu kwa kumshuku. Mara nyingine bolti ilikuwa imelegea, au mpira haukufungwa, au themostati haikuwepo kabisa, ameisahau mezani ikiwa bado kwenye karatasi yake. Nilirekebisha, nikapangusa mikono, nikarudi kwenye mashine zangu. Yeye alirudi macho yamemlegea kidogo kwa shibe, akapiga boneti kofi mara mbili kama alivyozoea, akamwambia mwenye gari, "Nenda salama."

Nilijaribu mara moja kuzungumza naye. Tulikuwa wawili tu, tunanawa mikono kwenye bomba.

"Mzee, unajisikia aje siku hizi?"

"Niko sawa."

"Hujaona kama unasahausahau?"

Aliendelea kusugua vidole kwa sabuni ya unga. "Kila mtu husahau, Nekesa," akasema. "Hata wewe juzi umesahau kunipatia tochi yangu." Tochi yake nilikuwa nimempa mkononi. Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwepo mdomoni. Lakini alinitazama kwa namna ya mtu anayeomba usifungue mlango fulani, na mimi sikuufungua. Nilisema, "Pole, Mzee. Nitakuletea."

Ilikwenda hivyo muda mrefu, kuanzia mvua za vuli mpaka baada ya Pasaka. Halafu Bwana Odera akanituma tawi la Karen, gari la mteja mmoja lilikuwa limewashinda. Nilikaa huko siku nzima. Mchana niliangalia saa, nikajua magari ya Mzee Karanja yanaondoka uani bila mtu kuyapitia, na sikuwa na la kufanya. Ningempigia nani simu, na kumwambia nini?

Mama Shiru alikuwa amemletea Mzee pikapu tena asubuhi ile kwa sababu kifuniko cha themostati kilikuwa kinavuja. Kazi ya gasketi tu. Siku iliyofuata alipakia miche ya miparachichi, akaanza kupanda kuelekea Ngong. Geji ya joto ilipanda, akaegesha. Alikuwa mwanamke anayejua gari lake, lakini alikuwa na haraka na mteja alikuwa anamsubiri. Alifunika kifuniko cha radieta kwa kitambaa, akakifungua. Maji yalimrukia yakachoma mkono wake wote wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Walinzi wa nyumba ya karibu walimmwagia maji baridi, wakampeleka hospitali.

Pikapu ililetwa ikivutwa. Bwana Odera aliwaita mafundi wote wakasimama kuizunguka, nami nilikuwa nimerudi. Mzee Karanja alikuwa na uso wa mtu anayengoja kusafishwa jina. "Hiyo nilifunga vizuri," alisema. "Fungueni muone." Bwana Odera akamwomba aifungue mwenyewe. Alizilegeza bolti kwa mikono yake, taratibu, bila kukosea, akainua kifuniko.

Aliitazama ile springi kwa muda mrefu. Kisha akatuangalia sisi sote, mmoja mmoja.

"Nani amefanya hii?"

Bwana Odera, ambaye alikuwa rafiki yake tangu ujana, aliangalia chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Karanja, ni wewe uliyeishika hii gari. Peke yako."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilitaka kumwokoa. Nilifikiri nitafanya kama alivyonifanyia kwenye bolti ya padri, nitachukua lawama, iishe. Nikasema, "Bosi, hili kosa ni langu. Mimi ndiye huangalia kazi ya Mzee kila mchana. Jana sikuwepo, ndiyo maana."

Nilisikia maneno yangu yakitoka na nikajua nimefanya nini. Mzee Karanja aligeuka. Hakuwa na hasira. Hasira ningeivumilia.

"Unaangalia kazi yangu?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Tangu lini, Nekesa?"

"Tangu mvua za mwaka jana, Mzee."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Akaiweka themostati juu ya meza yake. Akanawa mikono. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiacha pale, akaenda zake kwenye pikapu yake. Bwana Odera alimfuata mpaka langoni akimwambia maneno ambayo sikuyasikia. Hakurudi tena kazini, wala hakuja siku waliyotaka kumfanyia karamu.

Mama Shiru alipona, ila ngozi ya mkono wake ilibaki na mabaka. Hakutaka kesi wala kelele. Nilipokwenda kumwona aliuliza jambo moja tu, "Karanja ni mgonjwa, sivyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu niliyeona. Mwezi uliopita aliniuliza jina langu." Alikuwa akimletea gari lake tangu Shiru mwenyewe hajazaliwa.

Nilitaka kwenda Kinoo wiki ile ile. Sikwenda. Nikasema nitakwenda Jumapili, na Jumapili ikapita, kisha mwezi, kisha baridi ikaja na kuondoka. Niliogopa atakavyonitazama. Nilipopata nguvu ya kushuka pale kituoni Waiyaki Way na kuuliza njia ya kwake, ilikuwa karibu na Krismasi.

Mkewe, Mama Wambui, alinipokea, akanipa chai. Mzee alikuwa amelala. Nilimweleza yote tangu mwanzo, jinsi nilivyokuwa nikirekebisha kazi yake kwa siri. Alinisikiliza huku akikunja na kukunjua pindo la leso yake.

"Na mimi nilikuwa namngoja barabarani," alisema. "Kila jioni. Alikuwa anapita kona ya nyumbani, anaendelea mpaka Muguga. Nikawa nasimama pale kwa duka, nikimwona naingia kwa gari, naongea naye tu mpaka tufike. Hakujua nasimama hapo kwa nini. Alifikiri natoka sokoni."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nilifikiri nikiwaambia huko kwenu mtamfukuza."

"Na mimi nilifikiri nikikuambia utavunjika moyo."

Nadhani sote wawili tulikuwa tukihesabu yale yaliyowezekana. Angepata daktari mapema. Angepewa kazi ya kufundisha, akae kwenye kiti aseme tu, wengine washike spana. Angeambiwa ukweli na watu wanaompenda, ndani ya nyumba yake, mlango ukiwa umefungwa, badala ya kuusikia katikati ya ua mbele ya wanaume aliowafundisha. Ilihitajika simu moja tu, kutoka kwangu kwenda kwa Mama Wambui, au kutoka kwake kuja kwangu.

Mzee aliamka akatoka nje. Alikuwa amekonda, amevaa sweta safi. Alinisalimu kwa heshima kama mgeni. Mama Wambui akamwambia mimi ni fundi wa magari, na uso wake ukachangamka.

"Basi umekuja vizuri," akasema. "Gari yangu haitaki kupata moto. Hawa watoto wameikataa."

Pikapu ilikuwa nyuma ya nyumba. Wambui, binti yao, alikuwa ameondoa betri ili baba yake asitoroke na gari. Tuliirudisha, nikaiwasha, nikangoja. Kweli, geji haikuinuka. Themostati ilikuwa imekwama ikiwa wazi. Nilikwenda dukani barabarani nikapata nyingine. Nilipofungua boneti nilimpa spana, nikitumaini mikono yake itakumbuka yenyewe, maana watu husema hivyo. Aliishika, akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Fanya wewe. Mimi nitaangalia."

Basi nilifanya, na alisimama pembeni akiangalia kila kitu. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza kwa nini bolti zinashika. Aliuliza ndani ya kile kikopo kuna nini, nikamwambia ni nta, akashangaa. Aliuliza upande gani unakwenda ndani. Nilimwonyesha springi, nikamweleza habari ya joto, akafikiri, akasema, "Aaa. Ndiyo isikie." Nikasema ndiyo, Mzee, ndiyo isikie. Tulipomaliza alipapasa mpira wa juu, joto lilipopita akanitazama akitabasamu.

"Unajua kazi," alisema. "Nani alikufundisha?"

Sikuweza kusema ni yeye. Niliogopa atadhani namdhihaki. "Mzee mmoja wa hapa Kinoo," nikasema.

"Bado yuko?"

"Yuko."

"Umeenda kumshukuru?"

"Nilichelewa kidogo."

"Usichelewe," akasema. "Watu wa kazi hawashukuriwi. Mwendee."

Nilirudi Jumapili nyingi baada ya hiyo, na kila mara alinipokea kama fundi mgeni, na kila mara alikuwa mkarimu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha. Lakini mtu niliyemkosea hakuwepo tena, na huyu aliyekuwepo hakuwa na kinyongo chochote nami. Alifariki nyumbani kwake mwaka uliofuata, na nilisimama kaburini pamoja na mafundi wengine, nikiwa nimevaa ovaroli kwa sababu Mama Wambui alituomba tuje hivyo.

Kuna magari mengi humo gerejini na mengine yatawashinda, mtayazoea. Lakini mkimwona mwenzenu anakosea jambo ambalo hawezi kulikosea, msimfunike kama nilivyofanya, na msimwanike mbele ya watu kama nilivyofanya baadaye. Nendeni kwake. Mwambieni wakati bado anaweza kuwakasirikia.